Sauti Tumboni mwa Mtani

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Wa mbele mmeitika, wa kule mlangoni mnatafuna. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia wote. Hapo zamani za kale, mlima haujajua shoka bado, huko juu ambako ukungu hushuka saa sita mchana na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga, kulikuwa na kijito. Kandokando ya kijito ilikuwepo migomba pori. Na juu ya migomba pori walikaa vyura wa mtini.

Si hawa vyura wenu wa bondeni, wenye chunusi kama kiazi kibovu. Hawa walikuwa kijani. Kijani cha jani lililochipua leo asubuhi. Chura akikaa kwenye jani, wewe unaona jani. Chura akifumba macho, hata mamaye anamtafuta.

Vyura hao walikuwa na kila kitu. Mvua walikuwa nayo. Mbu walikuwa nao, tena wanene. Kitu kimoja tu hawakuwa nacho. Hawakuwa na mtani.

Nanyi mnamjua mtani. Mtani anakutukana usoni, wewe unacheka. Anaingia kwako anabeba kitu, humdai. Na siku ukifiwa, watu wamekaa wanalia, mtani ndiye anayekuja amevaa shuka la marehemu. Anatembea kama marehemu. Anakohoa kama marehemu. Wanaolia wanacheka, na wakishacheka wanapata nguvu ya kushika jembe. Ndiyo kazi ya mtani. Na sheria yake ni moja: mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia unatozwa faini, na faini anaitaja yeye mwenyewe.

Mbega walikuwa na watani wao, Hondohondo, ndege mwenye mdomo mrefu. Alipokufa bibi yao Hondohondo, Mbega walikuja matangani wamejibandika magome puani, marefu hivi, wakipiga kelele kama yeye. Msiba ule ulisimuliwa mlima mzima.

Na chura akifa? Vyura wanakaa. Wanalia. Wanaondoka.

"Msiba gani huo?" Mbega walisema. "Kama maji yamemwagika."

Neno hilo liliwauma vyura. Liliwauma sana. Kuna wanaokufa kwa njaa, na kuna wanaokufa kwa kutaka kila alicho nacho jirani.

Basi kati ya vyura hao alikuwako mwanamke mmoja, Mwanamvua. Masika ya kwanza hakutaga. Masika ya pili hakutaga. Wenzake wakaanza kumwita "jani kavu", tena kwa sauti ya kusikika. Masika ya tatu, akataga. Mayai thelathini! Akayaweka juu ya jani la mgomba pori, pale linapoinamia maji. Siku hizo ndivyo walivyotaga vyura wote wa mtini. Yai juu ya jani, mtoto akitoka anadondoka majini, chubwi! Mwanamvua akakaa pembeni ya mayai yake. Hakwenda kula mbali. Hakwenda kupiga soga.

Mumewe aliitwa Zumari. Kazi ya Zumari ilikuwa kuimba na kusifiwa. Alikuja kuyaona mayai mara moja, akasema, "Yamenifanana," akarudi kuimba.

Aliyekuwa akija kila siku ni shangazi yake Mwanamvua, Shangazi Kinamasi, aliyemlea tangu ana mkia. Mzee huyo alikuwa na kikohozi kisichopona. Akiita, anaita hivi: Kwaa—khe! Kwaa—khe! Ukimsikia ng'ambo ya kijito unajua ni yeye.

Siku moja walikuwa wawili tu, ukungu umewafunika. Shangazi akayatazama mayai, akasema, "Mwanangu, jani hili ni sinia."

"Sinia kivipi, shangazi?"

"Chakula kikiwa juu ya sinia kinamngoja nani? Kinamngoja mlaji. Kwaa—khe! Yafukie."

"Vyura wa mtini hatuchimbi, shangazi."

"Hivyo visigino umepewa vya nini? Vya kupaka hina?"

Mwanamvua akacheka. Hakuyafukia. Angeyafukiaje, na ile ni mara ya kwanza wenzake kuyaona?

Sasa huko bondeni moto ukawaka. Ukachoma majani, ukachoma vichaka. Akapanda mlimani mgeni, mwembamba kama uzi, vumbi mpaka machoni. Alikuwa Ukukwi. Ukukwi ni nyoka, kama hamjui. Nyoka wa kijani, anayelala juu ya mti.

Akafika kijitoni. Akaoga. Kijani kikatoka. Akainua shingo.

"Hodi! Hodi, watani wangu!"

Vyura, puuu! Wote juu. Huyu tawi hili, yule tawi lile.

"Mnamkimbia nani?" Ukukwi akauliza, sauti laini kama mafuta. "Mnamkimbia ndugu? Tazameni ngozi hii. Ni rangi gani?"

"Kijani," akajibu mmoja kutoka juu.

"Na yenu?"

"Kijani."

"Babu yangu na babu yenu walipakwa rangi siku moja, kwa jani moja. Kikabaki kipande. Wakakigombania. Wazee wakasema, kuanzia leo nyinyi ni watani. Hamkuambiwa kwenu?"

Hawakuambiwa. Lakini nani anapenda aonekane hajaambiwa habari za kwao? Zumari akatoa shingo.

"Tuliambiwa! Babu yangu alinisimulia mimi mwenyewe."

Mwongo. Babu yake alikufa yeye akiwa yai.

"Basi shuka nikutukane," akasema Ukukwi.

Zumari akashuka, tawi kwa tawi, kifua mbele.

"Mdomo huo mpana," akasema Ukukwi, "wanafugia mbuzi humo?"

Kwa! kwa! kwa! Vyura walicheka mpaka majani yakatikisika.

"Na wewe," akasema Zumari, "urefu wote huo! Tumbo linaanzia wapi, na mkia unaanzia wapi?"

"Ingia ndani ukaangalie."

Kwa! kwa! kwa! Yupo aliyecheka mpaka akaanguka majini. Siku hiyo vyura wakapata mtani. Wakapeleka habari kwa Mbega, ili nao wajue.

Shangazi Kinamasi hakucheka. Alimvuta Mwanamvua pembeni. "Nyinyi mmepata mtani," akasema, "au mtani ndiye kawapata?"

Tangu hapo Ukukwi akawa anakuja kila siku. Anajikunja kwenye shina, anapaza sauti:

"Leo nakula mtu hapa!"

"Kwa! kwa! kwa!"

"Leo nakula mtu hapa, tena mnene!"

"Kwa! kwa! kwa!" Na vyura wanene wakipiga matumbo yao, kila mmoja akitaka aambiwe yeye.

Halafu anainua shingo, anapitisha macho matawini: mmoja, wawili, watatu, wanne.

"Mbona unatuhesabu?" Mwanamvua akamuuliza siku moja.

"Nisije nikamsahau mtu kwenye salamu, mtani."

Jibu tamu. Yupo mtu ambaye hakosi jibu. Huyo mchungeni.

Ikaja asubuhi ya ukungu mzito, ule ambao ukinyoosha mkono huoni vidole. Mwanamvua akasikiliza ng'ambo ya kijito. Kimya. Akaita, "Shangazi!" Kimya. Akaruka, akavuka, akafika kwenye tawi la mzee. Tawi lilikuwepo. Unyevu wa makalio yake ulikuwepo, bado haujakauka. Mzee hayupo.

Walitafuta mpaka ukungu ukapanda. Hawakumwona. Kufika adhuhuri wakaweka matanga, wakakaa, wakaanza kulia.

Na nani alikuja wa kwanza? Mtani. Alikuja polepole. Tumboni ana kivimbe, hivi.

"Mtani!" Zumari akamwita, machozi bado yako machoni. "Mbona tumbo?"

"Nimeshiba majonzi, ndugu yangu."

Kwa! kwa! kwa! Msiba umeanza kuchangamka!

Ukukwi akapanda kwenye tawi la marehemu. Akalala pale pale alipokuwa akikaa mzee. Akajinyonganyonga, akafungua mdomo wazi, mpana. Na kutoka humo ndani ikatoka sauti:

"Kwaa—khe! Kwaa—khe!"

Mama yangu! Vyura walicheka wakashikana. "Ndiye kabisa! Anamwiga kama alikuwa naye jana! Mbega waje wasikie!"

Sauti ikatoka tena, imebanwa, ya mbali, kama ya mtu aliye mtungini:

"Mwanamvua! Sinia! Sinia, mwanangu! Visigino—khe! Yafu—"

Ukukwi akafunga mdomo. Akameza mate. Gudu.

Vyura walikuwa wanagaagaa kwa kicheko. Mwanamvua peke yake alikuwa amesimama. Maneno ya sinia yalisemwa na watu wawili tu, ukungu umewafunika. Nani alimwambia Ukukwi?

"Huko si kuigiza," akasema. "Huyo ni shangazi mwenyewe. Yumo humo."

Vicheko vikakatika. Vyura wakatazamana. Wakalitazama tumbo. Hapo, jamani, hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Ingetosha mmoja wao kusema, "Hebu tuone." Mmoja tu.

Ukukwi akainua shingo, akacheka kidogo. "Ala! Mtani amekasirika!"

Nao kama walikuwa wanangoja waambiwe la kusema. "Amekasirika! Mwanamvua amekasirikia mtani! Aibu!"

Zumari akaja mbio. "Mke wangu, unanivua nguo mbele za watu. Tumepata mtani kwa taabu. Leo kwa mara ya kwanza msiba wetu una sifa. Wewe unaleta hasira?"

"Baba watoto, amemla shangazi."

"Ni utani!"

Wakampeleka kwa hakimu. Hakimu wa kijito alikuwa Mzee Kaa. Na Kaa hana kichwa, mnajua. Mtu unapeleka kesi yako kwa asiye na kichwa, halafu unasubiri busara itoke wapi?

Mzee Kaa akatoka chini ya jiwe, akaja upandeupande.

"Mwanamvua. Umekasirika au hukukasirika?"

"Mzee, amemla shangazi yangu."

"Sikuuliza kala nini. Nimeuliza wewe umekasirika?"

Mwanamvua angeweza kusema hapana. Wangecheka, wangeenda zao. Lakini shangazi alikuwa bado anasogea mle tumboni, na yeye alikuwa anaona.

"Nimekasirika," akasema.

"Basi utatoa faini."

Hukumu ikaenda upande, kama hakimu wake. Msishangae. Kaa ana gamba, nyoka hatafuni jiwe. Tena dimbwi la vyura, pale chini ya migomba, lilikuwa zuri kuliko lake, na yeye alikuwa analitupia macho siku nyingi.

"Faini aitaje mwenyewe," Kaa akasema.

"Mimi sina makuu," akasema Ukukwi. "Mtani ana mayai thelathini. Nitapita jua likishuka nikamsaidie kulea."

Kwa! kwa! kwa! "Kulea! Eti kulea! Huyu mtani atatuua!"

Walisema hivyo. Atatuua. Kwa midomo yao.

Mwanamvua akamgeukia mumewe. "Baba watoto, sema neno."

Zumari akatazama vyura. Akamtazama Kaa. Akavimbisha koo. "Ni utani tu, mama watoto. Atapita, atacheka, ataondoka."

Mwanamvua akaondoka. Akashuka mgombani, akashuka mpaka chini, mahali ambapo vyura wa mtini hawakanyagi. Chini ya mizizi ya mkuyu, kwenye ukingo, palikuwa na udongo laini wenye maji. Akageuza mgongo. Akaweka kisigino. Akachimba.

Fuku, fuku. Fuku, fuku.

Vidole vya chura wa mtini viliumbwa vya kunata kwenye jani. Udongo uliviganda. Kisigino kikachubuka. Fuku, fuku. Shimo likafika kifundoni, likafika gotini, likamtosha mzima. Akapanda mgombani, akakumbatia yai moja kifuani, akashuka nalo. Akapanda, akashuka. Akapanda, akashuka. Kila yai ndani yake mlikuwa na mkia mdogo unacheza. Moja. Mawili. Matatu. Jua haliwangojei akina mama. Saba. Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

Akiwa anaweka la kumi na moja shimoni, akasikia vicheko. Wanakuja.

Alikuwa na nafasi ya kufanya jambo moja. Akikimbilia jani, shimo litabaki wazi, na Ukukwi atafuata matope ya miguu yake mpaka hapo. Akifunika shimo, kumi na tisa yako juu ya sinia.

Akafunika. Akakaa juu ya shimo. Akafumba macho nusu. Akawa jani.

Alimwona Ukukwi akipanda mgomba. Vyura walikaa matawini kutazama, Zumari mbele yao.

"Nimekuja kulea!" akasema Ukukwi. "Nihesabieni!"

Akaramba yai la kwanza.

"Moja!" vyura wakasema, wakicheka.

"Mawili!" Wakicheka.

"Matatu!" Wengine walicheka kwa sababu wamezoea. Wengine walicheka kwa sababu atakayenyamaza ataambiwa amekasirika. Kufika kumi kicheko kilikuwa chembamba, lakini kilikuwepo. Na kuhesabu hawakuacha.

Mwanamvua alisikia yote. Moja mpaka kumi na tisa. Kilio kilimjaa kooni, kikamvimbisha shingo, kikataka kutoka. Lakini kilio kina mahali kinapotokea, na mwenye masikio angejua ni wapi. Akakimeza. Alimeza vilio kumi na tisa, akiwa amekalia kumi na moja.

"Mtani," akasema Ukukwi, "niliambiwa thelathini."

Zumari akacheka. Alikuwa anatetemeka, lakini alicheka. "Mke wangu naye ana utani wake! Kumi na moja kayaficha!"

"Wapi?"

"Sijui. Hakuniambia."

"Wewe mumewe hakukuambia?"

"Wallahi hakuniambia."

Na angeambiwa, angesema. Nyinyi mnajua, na mimi najua, na Mwanamvua alijua.

"Basi faini yangu haijatimia," akasema Ukukwi, akisogea. "Si neno. Cheka, mtani. Wewe kicheko chako nakipenda. Fungua mdomo, cheka sana."

Zumari akafungua mdomo. "Kwa! kwa! k—"

Chap!

Miguu ikacheza nje ya mdomo wa Ukukwi. Ikacheza. Ikaingia.

Halafu kutoka tumboni ikatoka sauti, imebanwa, ya mbali: "Kwa! Kwa!"

Na vyura wakafanyaje? Enhe, nyie mlioko mlangoni, niambieni. Walifanyaje?

Walicheka. "Anamwiga Zumari! Msikieni! Ndiye kabisa!"

Mvua ilinyesha siku ya saba. Maji yakaingia shimoni, mayai yakapasuka. Viluwiluwi kumi na mmoja wakatoka ardhini, wakajinyonganyonga juu ya matope, nyong'o nyong'o, mpaka kijitoni. Mwanamvua aliwasindikiza akitambaa pembeni, kisigino kimepona kigumu, kina sugu kama kijembe.

Wale wengine walipungua. Leo mmoja, kesho mmoja, na kila msiba ulichangamka kuliko uliotangulia. Wa mwisho alikaa matangani peke yake na mtani wake, akacheka peke yake, na huyo naye hakuonekana tena. Mzee Kaa akahamia kwenye dimbwi lao. Yumo hadi leo.

Mnataka niwaambie Ukukwi alipasuka tumbo? Hakupasuka. Mnataka niseme tai alimchukua? Hakumchukua. Alinenepa. Juzi nimemwona kwenye maharage yangu, amejikunja, anameremeta.

Lakini vyura wa mtini waliopo leo huko mlimani ni uzao wa wale kumi na mmoja. Ndiyo maana jike hutaga udongoni, na huchimba kwa kisigino, na mahali pa shimo hamwambii mtu, hata mumewe. Ndiyo maana jike haimbi. Na dume akiimba hasemi mengi. Anasema "kwa!" mara moja, ananyamaza, anasikiliza. Watu wa mjini wakipita wanasema chura huyu ana haya. Hana haya yoyote. Anasikiliza kama aliyemjibu yuko juu ya jani, au yuko tumboni mwa mtu.

Basi shikeni neno. Rangi moja si undugu. Na anayekuchekesha huku anakuhesabu, huyo si mtani wako. Utani ni wa wanaozikana, si wa wanaolana. Siku moyo wako ukikataa kucheka, usicheke, hata kama kijiji kizima kiko chini kinagaagaa.

Hadithi yangu imeishia hapo, shimoni chini ya mkuyu. Mwenye kucheka sasa acheke, nami nitamtazama mdomo.